Mimi nilipona bila hospitali, sasa dada yangu anakataa mionzi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, ni mama wa watoto watatu, nauza kanga na vitenge sokoni Muheza. Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha.

Mwaka juzi, baada ya Idi, nilikwenda kituo cha afya kupimwa mlango wa kizazi kwa siki. Wenzangu wa kikoba walikuwa wanakwenda, nami nikaona nisibaki. Muuguzi akaniambia ameona pamegeuka weupe. Nikapewa rufaa, nikakatwa kinyama, majibu yakaja baada ya wiki tano. Kwenye karatasi iliandikwa CIN 2. Aliyenipa majibu alikuwa na foleni ndefu mlangoni, akaniambia tu, "Mama, hii ni dalili ya saratani, urudi Jumatano ijayo tukutibu." Mimi nilisikia neno moja tu: saratani.

Jumatano sikurudi. Nauli sikuwa nayo, mtoto wa mwisho alikuwa na homa, na kusema kweli niliogopa. Mama mkwe wangu aliposikia akaniambia nisihangaike. Akanichemshia mizizi, nikawa nakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa miezi mitatu. Ulipopita mwaka nikajipa moyo, nikaenda hospitali nyingine, nikapimwa, wakasema hawaoni kitu. Shangazi, nililia. Nikasimulia kila mahali. Kwenye kikoba nilisimama nikatoa ushuhuda. Wanawake watatu wakaja nyumbani kuomba ile dawa, mmoja wao akisema hata yeye anaona damu katikati ya mwezi, na mama mkwe akawapa.

Sasa dada yangu mkubwa, ana miaka 47, alianza kutoka damu kila anapokutana na mumewe, halafu yakafuata majimaji yenye harufu. Kapimwa, kakatwa kinyama, kaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Amepangiwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kuanza mionzi na dawa za mshipani. Amekataa. Anasema, "Mdogo wangu alikuwa na hiyo hiyo, akanywa mizizi, leo anauza kanga. Mungu aliyemponya yeye ataniponya na mimi." Huu ni mwezi wa pili anakunywa. Damu haijakata.

Mumewe yuko upande wake. Mwanawe anayesoma chuo alinitumia ujumbe: "Mama mdogo, wewe ndiye pekee atakayekusikiliza." Nimesoma kwamba kweli ziko saratani zinazopotea zenyewe, na madaktari wenyewe wanakubali. Je, mimi ni mmoja wa hao? Na dada yangu je? Na nikimwambia aende hospitali, si nitakuwa nimemwaibisha mama mkwe mbele ya watu?

Mdogo mtu, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na dada yako, maana swali lako linaweza kungoja wiki moja na lake haliwezi. Aende Dar es Salaam. Kama tarehe aliyopewa bado, aende kwa tarehe hiyo; kama imepita, aende vilevile, watampangia nyingine. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kukusaidia umfikishe huko.

Sasa la kwako. Wewe hukuwa na saratani. Nalisema waziwazi kwa sababu aliyekupa majibu alikuwa na haraka, na haraka ile ndiyo iliyozaa yote haya. CIN 2 ni mabadiliko ya seli za ngozi laini inayofunika mlango wa kizazi. Virusi vya HPV vimezifanya zikue ovyo, lakini bado zimo ndani ya ngozi ileile, hazijatoboa kwenda chini. Mabadiliko hayo hupangwa kwa madaraja matatu, na lako lilikuwa la kati. Saratani huanza pale seli zinapotoboa.

Fikiria nyumba. Ukungu ukishika lipu, ukafungua madirisha na jua likaingia, unaweza kukauka ukaisha; usipoisha unaukwangua. Lakini mchwa wakishaingia kwenye boriti, hakuna jua litakalowatoa. Wewe ulikuwa na ukungu. Dada yako ana mchwa, na 2B maana yake wameshavuka mlango wa kizazi wakaanza kula nyama za pembeni yake.

Na ukungu wa namna hii kuisha wenyewe si jambo la ajabu hata kidogo. Wanawake wengi mno hupata HPV wakati fulani wa maisha yao, na katika kila 10 walioambukizwa, kinga ya mwili huviondoa virusi kwa takriban 9 ndani ya miaka miwili bila wao kujua kama walikuwa navyo. Hata mabadiliko yakishafika daraja lako, bado mwili haujashindwa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizofuatilia wanawake wenye CIN 2 ambao hawakutibiwa papo hapo ila walichunguzwa kwa karibu. Baada ya miaka miwili, kwa nusu yao mabadiliko yalikuwa yamerudi nyuma. Kwa karibu theluthi yalibaki palepale. Kwa 18 katika kila 100 yalipanda daraja la tatu au zaidi.

Nusu, mwanangu. Mama mkwe angekuchemshia majani ya chai kwa miezi mitatu, bado nafasi yako ya kuambiwa "hatuoni kitu" ingekuwa kama kurusha shilingi. Tena kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria: kile kinyama ulichokatwa. Doa likiwa dogo, mara nyingine mkato wa kipimo huondoka nalo lote, au jeraha lake huamsha kinga ikamalizia lililobaki. Huenda waliokukata kinyama ndio waliokutibu pasipo kukusudia.

Kuna kisa kimoja cha kweli nataka ukijue, kwa sababu kinaeleza ushuhuda wako kuliko maneno yangu yote. Mwaka 1966, katika hospitali ya wanawake ya National Women's, mjini Auckland, New Zealand, daktari mmoja aliyeitwa Herbert Green aliamini kwamba hata mabadiliko ya daraja la tatu, yaliyo makubwa kuliko yako, hayageuki saratani kwa urahisi. Akaruhusiwa kuwafuatilia wanawake bila kuwapa tiba kamili. Wengi hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa. Mwaka 1987 waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, walilianika jambo hilo kwenye jarida, serikali ikaunda tume chini ya jaji Silvia Cartwright, na ripoti yake ya 1988 ilibadilisha sheria za haki za wagonjwa nchini humo. Miaka 20 baadaye, mwaka 2008, yalichapishwa matokeo ya wanawake wale baada ya kufuatiliwa kwa miaka 30. Walikuwepo 143 ambao walikatwa kinyama cha kipimo tu, basi. Katika kila 100 wa kundi hilo, 31 walipata saratani. Kwa waliotibiwa sawasawa tangu mwanzo, waliopata saratani hawakufika hata 1 katika 100.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Katika kila 100 walioachwa, 69 hawakupata saratani katika miaka hiyo 30. Lau wote wangekuwa wamenyweshwa mizizi ya mama mkwe wako, leo tungekuwa na wanawake 69 wanaosimama kwenye vikoba kutoa ushuhuda, kila mmoja akisema kweli tupu kuhusu mwili wake. Wale 31 hawasimami. Wako wodini, au wako kaburini, na hakuna anayewauliza walikunywa nini. Ushuhuda wako haukuwa uongo, mwanangu. Ila ulitolewa na upande mmoja tu wa watu, upande ulio hai na wenye nguvu ya kusimama.

Umeuliza kama kweli ziko saratani zinazopotea zenyewe. Ziko, na sitakuficha. Mwaka huohuo wa 1966 madaktari wawili wa upasuaji wa Marekani, Tilden Everson na Warren Cole, walitoa kitabu baada ya kupekua taarifa za kitabibu za tangu mwaka 1900 kutoka nchi mbalimbali. Waliopatikana na ushahidi wa kutosha, saratani imethibitika na ikapungua au ikatoweka bila tiba inayoweza kueleza jambo hilo, walikuwa 176. Makadirio yanayotajwa zaidi ni mgonjwa 1 katika kila 60,000 hadi 100,000. Hapa Tanzania wanawake wapatao 10,000 hugundulika na saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka. Hata tukikubali makadirio hayo yawahusu wao, tungengoja miaka 6 mpaka 10 tuhesabu mmoja. Nayo saratani ya mlango wa kizazi haimo katika zile zilizojaza kitabu hicho. Zaidi ya nusu ya visa vilikuwa vya aina nne: saratani ya figo, ya neva kwa watoto wachanga, ya ngozi aina ya melanoma, na koriokasinoma.

Hiyo ya nne ni yetu sisi wanawake. Koriokasinoma huota kutokana na tishu za kondo la nyuma, mara nyingi baada ya mimba zabibu, ile mimba ambayo badala ya mtoto hukua vijipovu kama shada la zabibu. Mimba zabibu ikishasafishwa, kwa wengi mabaki huisha yenyewe, na homoni ya mimba hushuka kwenye damu wiki hata wiki mpaka sifuri. Na hata ikiwa imegeuka saratani kamili, vimeandikwa visa vya madoa ya mapafuni kufifia baada ya kizazi kuondolewa. Nadhani sababu inaeleweka kidogo: nusu ya asili ya uvimbe ule, au hata yote, imetoka kwa baba, kwa hiyo mwili wa mama una namna ya kuuona kuwa ni mgeni. Basi kama kuna saratani ya uzazi ambayo daktari angethubutu kuiambia "nakungoja uondoke," ni hiyo. Lakini hawaingoji. Kabla ya dawa kupatikana, wengi ambao saratani hiyo ilishasambaa walifariki. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, huko Marekani, walianza kuwatibu kwa methotreksati, na leo ni miongoni mwa saratani zinazopona kwa wingi kuliko zote. Mwanamke aliyesafishwa mimba zabibu hupimwa damu tena na tena, na homoni ikigoma kushuka dawa huanza. Wanaoujua muujiza kwa karibu kuliko wote ndio wasioutegemea.

Niongeze jambo kidogo, kwa sababu barua za aina yako nimezipokea nyingi. Nikimwuliza mwenye ushuhuda anionyeshe karatasi ya maabara, mara nyingi nakuta neno saratani halimo. Nakuta kifuko cha maji kwenye ovari, ambacho kwa wanawake wanaoendelea kupata hedhi huwa kinapotea chenyewe baada ya mizunguko miwili mitatu. Nakuta fibroidi, ambazo si saratani na husinyaa hedhi inapokoma. Mtaani vyote vinaitwa "uvimbe kwenye kizazi," na kutoka hapo kuvuka kwenda neno saratani ni hatua moja tu ya ulimi.

Turudi kwa dada. Usimwendee mbele ya mumewe wala mama mkwe. Mfuate jikoni, au mkakae uani jioni, wawili tu kama mlivyokuwa mkikaa mkiwa wadogo. Chukua karatasi yako ya CIN 2 na uombe ya kwake, uziweke pamoja mkekani. Mwambie hivi: "Dada, mimi nilikosea kusimulia. Hii yangu haikuwa saratani. Hii yako ndiyo saratani. Dawa niliyokunywa haikuwahi kupambana na kitu kama chako." Halafu unyamaze. Usimjazie takwimu zangu, hizo nimekupa wewe ili usiyumbe. Yeye anakutazama wewe, na maneno "nilikosea" yakitoka kwako yatamfikia kuliko ya daktari yeyote.

Akikujibu kwa Mungu, usibishane naye. Mwambie aliyekuponya wewe hakukuambia umkataze yeye tiba. Kama ni Waislamu, kama nilivyodhani uliposema Idi, shehe wenu anaijua hadithi ya Mtume inayowahimiza watu kujitibu, kwamba hakuna ugonjwa ulioshushwa bila kushushiwa dawa. Mwombeni aje aisome mbele ya shemeji yako. Nimeona wanaume wagumu wakilainika kwa njia hiyo.

Huenda anaogopa mionzi yenyewe, maana mitaani husemwa kwamba waendao Ocean Road hawarudi. Wengi wasiorudi walikwenda saratani ikiwa imeshaziba mirija ya mkojo na figo zimeanza kushindwa. Dada yako hajafika huko. Katika hatua ya 2B madaktari bado wanatibu kwa nia ya kuponya, si kwa nia ya kutuliza maumivu tu. Lakini msimdanganye kwamba ni rahisi. Atachoka, ataharisha, hedhi itakoma kama bado anapata, na uke unaweza kusinyaa, jambo ambalo aulize mapema namna ya kulizuia, yeye pamoja na mumewe. Atapigwa mionzi ya nje karibu kila siku kwa wiki kama tano, na dawa ya mshipani kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Lengo ni yote yaishe ndani ya wiki 8, kwa hiyo panga mapema atalala wapi Dar na nani atakuwa naye, asije akakatisha katikati kwa kukosa mahali pa kufikia. Gharama zikiwalemea, waulizeni ustawi wa jamii palepale hospitalini, usione haya.

Kuhusu mizizi: aache sasa, na akifika aseme wazi amekunywa nini na kwa muda gani. Dawa ya mshipani inayotumika zaidi kwa saratani hii, sisplatini, huzielemea figo, na daktari anahitaji kujua kama kuna kitu kingine kilichokwisha kuzielemea. Chochote cha kuweka ukeni, asiweke kamwe.

Mama mkwe wako alikuona umeogopa, akakupa alichokuwa nacho. Hiyo ilikuwa huruma, na huna sababu ya kumvunjia heshima. Nenda kwake kabla hujaenda kwa dada, umpigie magoti kama desturi, umwambie hospitali wamekueleza kwamba ulichokuwa nacho wewe ni tofauti na alicho nacho dada, na unaomba msaada wake: amwambie dada yako kwa kinywa chake kwamba dawa yake si ya ugonjwa huu. Mpe nafasi ya kuwa yeye anayefungua mlango. Mzee akipewa heshima hiyo mara nyingi huwa wa kwanza kutoa nauli. Akikataa, nenda kwa dada hivyohivyo. Aibu yake itapoa.

Na wewe mwenyewe, usijione umemaliza. Kipimo kimoja kilichotoka safi ni habari njema, ila si cheti. Virusi vinaweza kuwa bado vimo, na mabadiliko huweza kurudi. Rudi upimwe mwaka huu na mwaka ujao, upeleke na majibu ya zamani ili anayekupima ajue ulikotoka. Panapopatikana kipimo cha HPV chenyewe, kiombe. Pima na VVU kama hujui hali yako, kwa sababu mwenye VVU kinga yake huchelewa kuvishinda virusi hivi, na ratiba ya kumpima huwa ya karibu zaidi. Wakikuta weupe tena, kubali wapagandishe mahali hapo kwa baridi kali au wapachome kwa joto. Ni shughuli ya dakika chache, unarudi sokoni. Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV sasa hapa Tanzania ni dozi moja, tena bure.

Limebaki moja, nalo halitakusubiri urudi kutoka Dar. Wale wanawake watatu waliokuja kuomba dawa unawajua kwa majina na nyumba zao. Wote watatu wanatakiwa wakapimwe, na wewe ndiye wa kuwapeleka, kwa sababu ni wewe uliyewaleta kwenye dawa ile. Anza na yule anayeona damu katikati ya mwezi. Mwende kituoni naye kesho asubuhi, kabla hujafungua meza ya kanga.

Shangazi